Mafunzo ya wakufunzi wasaidizi mjini Moshi: tathmini ya mshiriki

Mwezi uliopita nilihudhuria mafunzo ya siku mbili ya wakufunzi wasaidizi wa vyuo vikuu, yaliyofanyika katika ukumbi mmoja mjini Moshi, si mbali na stendi kuu ya mabasi. Ada ilikuwa shilingi 70,000, pamoja na chai, chakula cha mchana na kabrasha. Niliilipa kwa fedha zangu mwenyewe, nikatoka Arusha kwa basi la alfajiri nikiwa na swali moja: kazi yangu inaishia wapi?

Swali hilo limenisumbua tangu chuo nilichoanzia kazi. Mkufunzi msaidizi huchukuliwa kwa sababu alifaulu vizuri shahada ya kwanza, kwa GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.8 kati ya 5, na hutarajiwa kusoma shahada ya uzamili huku akiendesha semina, akisimamia mitihani na kusahihisha. Barua yangu ya ajira ilimalizikia kwa maneno "na kazi nyingine utakazopangiwa". Katika muhula mmoja, kazi hizo nyingine zilikuwa kufundisha somo zima la mhadhiri aliyekuwa safarini, kuingiza kwenye mfumo alama za madarasa matatu, na kuchapa makala za utafiti ambazo jina langu halikuwamo. Sura ya pili ya tasnifu yangu ilikaa miezi mitano bila kuguswa.

Kilichonifanya nione kwamba ada ile ilistahili ni zoezi la asubuhi ya siku ya kwanza. Mwezeshaji alimpa kila mshiriki karatasi kumi za majibu ya insha, akatutaka tuzisahihishe kwa kasi yetu ya kawaida huku tukipima muda kwa simu. Mimi nilitumia wastani wa dakika 12 kwa karatasi. Nina wanafunzi 180, kwa hiyo jaribio moja tu hunitaka dakika 2,160, yaani saa 36, ilhali Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki. Mwenzangu wa meza moja alirudia hesabu yake mara mbili, akaweka kalamu chini na kusema, "Kumbe sikuwa mvivu, dada yangu."

Baada ya hesabu hiyo tulijaza hati ya ukurasa mmoja, ambayo mkufunzi msaidizi na mhadhiri wake au mkuu wa idara huiandika kabla ya muhula kuanza: idadi ya semina, idadi ya karatasi za kusahihisha na siku za kuzirudisha, saa za kuonana na wanafunzi, na siku ambazo ni za masomo yake mwenyewe. Mwezeshaji, aliyewahi kuwa msaidizi wa aina hii nchini Marekani, alieleza kwamba huko nafasi nyingi hupangwa kwa saa 20 kwa wiki, na kwamba mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi na viza yake kuzidisha saa hizo chuoni masomo yanapoendelea. Nilimheshimu kwa kukiri kwamba hata huko, kwa anayesaidia utafiti maabara, si rahisi kujua saa za kazi zinaishia wapi na za tasnifu yake zinaanzia wapi.

Chakula kilitosha. Mchana wa siku ya pili ulikuwa dhaifu, kwa kuwa tulisomewa kabrasha ambalo tayari tulikuwa nalo mikononi, na hakuna aliyezungumzia wanafunzi wa uzamili wanaoombwa kusaidia bila mkataba wowote, ambao kwa maoni yangu ndio wanaoumia zaidi. Kasoro kubwa kuliko hizo ni kwamba wakuu wa idara hawakualikwa. Hati ile inahitaji saini mbili, na ukumbini tulikuwa upande mmoja tu. Waandaaji wakiligawa kundi lijalo nusu wasaidizi na nusu wakuu wa idara, nitalipa tena.

Jumatatu iliyofuata nilimpelekea mkuu wa idara yangu ya sasa hati niliyoijaza. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi na kuisoma upya. Alifuta "siku saba" za kurudisha karatasi, akaandika "siku kumi na nne" kwa mkono wake, akasaini.