Matibabu ya meno kwa nusu kaputi, Tanga: walivyoniandaa mimi mzazi

Mwanangu ana miaka 7, ana usonji na kifafa, na maneno yake yanahesabika. Meno yalipomuuma hakusema. Alijipiga shavu kwa ngumi na kukataa hata uji. Kliniki mbili hapa Tanga zilishindwa kumfungua mdomo. Hii ya tatu ikasema atibiwe yote kwa mara moja, akiwa amelala.

Maandalizi ndiyo yamenifanya niandike. Wiki moja kabla tuliitwa bila kutibiwa chochote. Wakampima uzito, maana dozi hufuata kilo. Wakauliza kama anakoroma, kama kuna jino linalolegea, na dawa za kifafa wakasema asiziache asubuhi ile, ameze kwa funda la maji. Nesi akampa barakoa ya kuvutia dawa, twende nayo nyumbani. Siku zote zile alikuwa akiivaa, akimvalisha na bibi yake.

Jioni ya mwisho nesi akapiga simu. Chakula na maziwa mwisho saa 8 usiku, maji matupu mwisho saa 12 asubuhi, kwa sababu kilichomo tumboni kikipanda akiwa amelala kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kisha akauliza, "Nyumbani mnakaa na nani, mama?" Nikasema na mama mkwe wangu. "Naomba nimsalimie." Akamwamkia, akamweleza yote upya. Yule nesi anazijua nyumba zetu! Bibi asingevumilia mjukuu aamke na njaa, angemtilia andazi mkononi.

Siku yenyewe walimwachia kifuniko chake cha ndoo, ambacho hatoki bila hicho, mpaka usingizi ulipomchukua nami nimemshika. Meno 4 yaling'olewa, 3 yakazibwa. Bei ilikuwa ileile waliyonitajia mwanzo.

Mawili yaliniumiza. Tuliandikiwa saa 2 asubuhi, tukaingia saa 5. Mtoto kama huyu, mwenye njaa, kwenye benchi lenye kelele, anastahili kuwa wa kwanza. Na wangesema mapema kuwa tutachelewa, angeendelea kunywa maji.

La pili ni kuamka. Alizinduka anapiga mayowe, ananisukuma, ananitazama kama hanijui. Nikadhani akili yake imeharibika. Karibu nusu saa nililia naye, ndipo nesi wa zamu akaniambia watoto wengi huamka hivyo baada ya dawa ya kuvuta, na hupita yenyewe. Neno hilo ningelipata kwenye simu ya jana yake, ningemkumbatia bila kutetemeka.

Akasinzia tena. Alipofumbua macho mara ya pili alipapasa shuka akitafuta kifuniko chake.

Sasa anakula muhogo wa kuchemsha, na shavu halipigi tena. Tunarudi baada ya miezi 6 kuangaliwa.