Casio SK-1 kwa kurekodi ngoma: nimekaa nayo miezi mitatu

Wadau, kwa wale mnaoniuliza kila siku saundi za ngoma kwenye biti zangu nazitoa wapi, ni kinanda hiki, Casio SK-1, kale kadogo ka miaka ya 80 chenye vitufe 32 vyembamba mpaka vidole vinabanana. Nilikipata mtumba, kimechubuka chubuka ila kinalia.

Iko hivi: kina maiki yake hapo juu, unabonyeza Sampling kinakusubiri, ukigonga tu kinanasa chenyewe, sekunde 1.4 basi. Wengi wanadharau hizo sekunde lakini jamani pigo moja la ngoma halifiki hata nusu yake. Nilichukua chapuo ya mjomba, ile ngoma ndogo ya sauti ya juu, nikaipasha kwanza kwenye makaa mpaka ngozi ikakaza, kinanda nikakiweka mkekani kama shubiri mbili hivi, nikapiga mara moja tu kwa kiganja. Kubonyeza vitufe vya juu, chapuo hiyo, kavu kabisa. Nikashuka oktavu nzima, sauti ikajivuta ikawa ndefu na nzito, vumi kabisa, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, na kwetu vumi hatuna! Na kwa vile kinatoa sauti nne kwa pamoja, mkono wa kushoto ukashika vumi wa kulia chapuo, nikapiga chakacha, ile ngoma ya pwani, peke yangu mpaka bi mkubwa akatoka jikoni kuangalia nani kaja.

Ila mjue kinarekodi kwa biti 8 (hizi ni biti za kompyuta, si za muziki) na kasi ya 9.38 kHz, yaani kinapima sauti kama mara 9,380 kwa sekunde, maana yake mlio wowote wa juu unaozidi kama 4.7 kHz hauingii. Ngozi haidhuriki, tena inapata kaukwaruzo fulani katamu ka kanda ya zamani ambako programu za kompyuta nimejaribu zikanishinda. Vitu vya mbegu na chuma ndo msijisumbue, kayamba nimerekodi mara sita linatoka kama mtu anasugua sufuria kwa mchanga, upatu ndo usiseme, ule mlio wake wa juu wote unapotea.

Halafu kinabeba sauti moja tu ya kwako, ukirekodi ya pili ya kwanza imefutika. Kuna siku jirani alikuja na msondo, ile ngoma ndefu, wa kuazima, wa usiku mmoja tu, nikaunasa vizuri mno nikasema nitauhamisha kesho, umeme ukakatika na ndani sikuwa na betri, msondo ukaenda na asubuhi wenyewe wakauchukua. Iliniuma sana, mpaka leo naukumbuka ule mlio. Sasa hivi natumia betri tu na kila pigo naliingiza kwenye laptopu hapo hapo kabla sijagusa kitu kingine. Na rekodini usiku watu wakilala, maana hakichagui, bodaboda ikipita kinainasa hiyo hiyo.

Piano na tarumbeta za ndani ni za kawaida tu, na ile midundo yake haikubali kutumia ngoma yako, unapiga mwenyewe kwa mkono.

Mimi nasema kwa ngoma za ngozi chukueni bila wasiwasi. Ukikipata cha mtumba fungua kwanza chumba cha betri uangalie kutu, sema "pa!" kwenye maiki, halafu bonyeza vitufe vyote 32 kimoja kimoja ndo utoe hela.