Glavu za kuzuia sindano: nilijinunulia mimi, zikampata mwenyewe

Kidole chenyewe ni cha shahada, mkono wa kushoto, na alama yake siioni tena hata nikiitafuta. Ilikuwa zamu ya usiku, saa tisa na ushee, kwenye kituo cha afya kimoja hapa Kinondoni. Ndicho kinachonipa ugali, kwa hiyo jina lake tuliache. Wodi imejaa, wauguzi tuko wawili. Nimemaliza kumwekea mgonjwa kanula, kile kimrija cha kupitishia dripu, nikarudi kwenye trei kukusanya pamba na plasta niende kwa mwingine. Chini ya pamba kulikuwa na sindano. Haikuwa yangu, yangu nilishaitupa. Mtu wa zamu iliyotangulia aliiacha hapo, na glavu ya mpira niliyovaa haikuizuia hata kidogo.

Aliyewahi kuchomwa anaijua ile sekunde. Huumii. Unatazama kidole, unaona wekundu unatanda taratibu ndani ya glavu, halafu masikio yanaziba.

Nilifanya tulivyofundishwa. Nikavua glavu, nikaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, sikukamua, sikumwagia jiki. Nikamwambia mwenzangu, tukaandika kwenye daftari, nikapimwa. Kwa kuwa haikujulikana sindano ni ya mgonjwa yupi, nikaanzishiwa dawa za kinga ya VVU kabla hakujapambazuka. Mwisho wa kuzianza ni saa 72, lakini hakuna sababu ya kusubiri hata moja. Siku 28, kidonge kimoja kila usiku baada ya kula. Nikapimwa tena wiki ya 6, nikapimwa mwezi wa 3. Salama.

Lakini kilichoninyima usingizi zaidi hakikuwa VVU. Sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU huambukiza kwa wastani kama mara 3 kati ya 1,000. Homa ya ini B, kwa asiye na kinga, ni kati ya 6 na 30 kwa kila 100, kutegemea wingi wa virusi kwenye ile damu. Na mimi, muuguzi, ninayewapigia wajawazito kelele kuhusu kadi zao kila Jumanne, nilikuwa nimechanja dozi 2 za homa ya ini B, ya 3 sikurudi. Ilikuwa ichomwe mwezi wa 6 baada ya ile ya kwanza. Mwezi wa 6 nilikuwa nahama nyumba.

Ndiyo hofu iliyonipeleka Kariakoo kutafuta glavu. Nasimulia ya jozi mbili nilizonunua, kwa sababu kila nikizitaja kazini naulizwa zinapatikana wapi, na mimi nataka kwanza mtu aniambie anazitaka za nini.

Jozi ya kwanza nilipata kwenye duka la vifaa vya usalama kazini, la kuuza helmeti na buti za mafundi. Shilingi 25,000. Nyeusi, nzito, kiganja kimepakwa kitu kama mpira. Muuzaji akanionyesha mgongoni alama ya EN 388, kipimo cha Ulaya cha glavu za kazi, na tarakimu nne chini yake.

"Hii hata kisu hakipiti, dada."

"Kisu sijauliza, kaka. Nimeuliza sindano."

Akaniwekea kidole kwenye tarakimu ya nne, ilikuwa 4. Hii ndiyo ya kutobolewa, akasema, na 4 ndiyo ya juu kabisa. Hakudanganya. Tarakimu ya kwanza ni kusuguliwa, ya pili kukatwa, ya tatu kuchanika, ya nne kutobolewa. Tatizo nililijua baadaye: kipimo hicho cha kutoboa hufanywa kwa ncha nene, butu, mfano wa msumari. Glavu inayozuia msumari huzuia kwa sababu msumari unasukuma nyuzi nyingi kwa pamoja. Sindano haisukumi, inapenya katikati ya nyuzi. Kipimo cha sindano zenyewe kipo, cha Kimarekani, kinaitwa ASTM F2878, na hutumia sindano za namba 21, 25 na 28 (namba ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba). Kama karatasi ya glavu haikitaji hicho, wewe umeuziwa glavu ya fundi seremala.

Nilizijaribu nyumbani Kimara, jikoni kwa dada yangu. Nilichukua karoti, nikaivalisha kidole cha glavu (inaingia vizuri kabisa, kama imekatiwa), nikafungua sindano mpya ya namba 21, zile za kijani, nikasukuma. Ikapita kama vile hakuna kitu. Nikaitoa karoti, nikaipangusa: tundu, na utomvu unatoka. Dada akauliza kama hiyo karoti bado itaingia kwenye mboga. Ikaingia. Glavu akachukua shemeji yangu wa kuchomelea mageti, na anazisifia hadi leo.

Jozi ya pili aliniletea mfanyakazi mwenzangu aliyekwenda nje kwa mafunzo. Jina la kampuni silitaji, nitakayosema baadaye yana lawama kidogo. Kwa hesabu ya siku ile ilikuwa kama 145,000, na nililipa kwa awamu tatu. Hizi zina nyuzi imara zilizosukwa kwa kubana, na juu ya kiganja na vidole zimepangwa vigamba vidogo vigumu, vimekaa kama magamba ya sato. Karatasi yake inataja kipimo cha sindano.

Karoti tena. Namba 21 nikasukuma mpaka sindano ikapinda, karoti nzima. Namba 23, ya bluu, ikateleza juu ya kigamba ikakwama. Namba 25, ile nyembamba ya rangi ya chungwa, nilijaribu mara 10 nikisukuma polepole huku nazungusha, na mara 2 ikapata njia. Kwa hiyo anayekwambia glavu haipiti sindano anakuuzia maneno. Inachelewesha sindano, na nyembamba haicheleweshwi sana kama nene. Hata kwenye karatasi wameandika kwamba zinastahimili, hawakuandika kwamba hazitoboki. Lakini ile 21 ya kijani chini ya pamba, kwa glavu hizi, isingenipata.

Nikajiona nimemaliza. Nikajiandaa kwenda nazo kazini.

Jamani. Kwanza, mshipa. Sisi mshipa hatuuoni, tunaugusa. Dada yangu ana mshipa wa mkononi mnene kama kamba ya katani, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaupata gizani. Nilipomfunga mpira na kumpapasa nikiwa na hizo glavu, niligusa kitu kimoja tu: glavu. Plasta sikuweza kuibandua kwenye karatasi yake. Kanula ya njano namba 24, ya watoto, sikuweza hata kuishika kwa vidole viwili ikakaa. Jasho sijalitaja, na hiyo ilikuwa Julai, kwenye Februari ya Dar hapakaliki. Kwa mtu wa kuchoma sindano, kuweka dripu au kutoa damu, hazifai. Ukizivaa utamkosa mgonjwa mshipa mara tatu badala ya moja, na kila jaribio ni sindano nyingine yenye damu mkononi mwako.

Zikakaa kwenye kabati langu miezi miwili.

Aliyezitoa ni mama yetu wa usafi. Ni mtu mzima, tunamwamkia shikamoo wote mpaka daktari. Kila asubuhi huzunguka kukusanya mifuko ya taka na kuipeleka kwenye kichomea taka nyuma. Siku hiyo namkuta amekaa kwenye benchi, amepandisha kanga, anajitazama muundi. Mfuko mweusi ulikuwa na sindano ndani, mtu kaitupa kwenye taka za kawaida, na wakati anatembea mfuko ukamgonga mguu.

"Mama, imekuchoma?"

"Imenikwaruza tu, mwanangu. Mbona mara nyingi."

Mbona mara nyingi. Maneno hayo nilikwenda nayo kwenye mwendokasi jioni mpaka kituo cha mwisho. Tulimpeleka akaoshwa, akapimwa, akapewa dawa kama nilivyopewa mimi, na ndipo nikagundua kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa dawa hizo zinamhusu na yeye. Alidhani ni za wauguzi. Chanjo ya homa ya ini alikuwa hana hata dozi moja.

Nikampa glavu. Na hapa ndipo zilipopata mwenyewe. Yeye hatafuti mshipa. Anashika, anabeba, anafunga mdomo wa mfuko, anainua boksi. Wiki ya pili akaja kunionyesha: kwenye kiganja, karibu na kidole gumba, sindano ya kijani imenasa katikati ya vigamba viwili, imesimama. Aliibana kwa koleo mbele yangu, akaitupa kwenye sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano, akanigeuzia kiganja chake kikavu. Kwa kazi hiyo nazipa nyota 4 kati ya 5. Kwa muuguzi aliye kitandani kwa mgonjwa nazipa 1, na hiyo moja ni ya ushonaji.

Ile nyota ya tano wameipoteza kwa mawili. La kwanza, kinga iko kiganjani na kwenye ncha za vidole. Mgongo wa mkono ni kitambaa cha kawaida, sindano inapita, na muuzaji hakusema mpaka nilipoona mwenyewe. La pili ni ufuaji. Hapa kwetu kila kilichogusa damu kinakwenda kwenye maji ya jiki, ndiyo mazoea. Mama naye akaziloweka. Nyuzi za aina hii na klorini haviko pamoja: zilibadilika rangi na kuanza kukakamaa siku hiyo hiyo, na onyo lipo, lakini kwa herufi za kutazamwa kwa darubini, ndani ya mkunjo wa karatasi. Sasa anavalia juu yake glavu ndefu za mpira za kufulia, saizi kubwa. Uchafu unabaki kwenye mpira, jiki inamwagiwa mpira, na za ndani zinafuliwa kwa sabuni ya kipande na kuanikwa kivulini.

Na mguu? Glavu haivai mguu. Tulichofanya hakina gharama kubwa: mfuko haujazwi zaidi ya robo tatu, haukumbatiwi, unabebwa mbali na mwili, na buti za mpira zimenunuliwa.

Mikononi mwangu nimeishia na vitu vya bei ndogo. Kwenye kushona kidonda au kuzalisha navaa glavu mbili kwa pamoja. Sindano inapita zote, hilo linajulikana, lakini mpira hupangusa sehemu ya damu iliyo nje ya sindano kabla haijafika kwenye ngozi, na ile ya ndani hutoboka mara chache kuliko ukivaa moja. Kifuniko cha sindano sirudishii kabisa. Na sefti boksi, lile la karatasi ngumu la njano la lita 5, nimelihamisha kutoka kwenye kona karibu na mlango mpaka kwenye trei yangu. Nikitoka na sindano mkononi, naidondosha bila kupiga hatua. Ile iliyonichoma ililala chini ya pamba kwa sababu boksi lilikuwa mbali na mtu alikuwa amechoka, hilo nina hakika nalo kuliko kitu kingine chochote hapa.

Kuna wanaoniambia tungoje sindano za kisasa zinazojificha ncha. Zipo, hata kanula zenye kibanio kinachoziba ncha unapoichomoa. Tuliwahi kupata boksi mbili, zikaisha, hazikurudi. Marekani walizitungia sheria mwaka 2000, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka 2015 nchi zote zihamie kwenye sindano salama ifikapo 2020. Ila msizichanganye na zile za chanjo zinazojifunga zikishatumika mara moja. Zile zinamlinda mtoto wa pili asichomwe sindano ya wa kwanza. Ncha yake inabaki wazi, na kidole changu mimi haikijui.

Dozi yangu ya 3 nimechoma. Mama amemaliza zake zote, kadi anaiweka kwenye pochi pamoja na kitambulisho cha mpiga kura.

Glavu zina miezi kumi na moja sasa. Mama ana shoto, kwa hiyo ya kushoto imechakaa, vigamba vitatu vimebanduka kwenye kidole cha shahada, na ya kulia bado kama mpya. Kampuni haiuzi mkono mmoja, nimeshauliza. Mwenye jozi kama hiyo ambaye kaimaliza ya kulia, saizi 8, tutafutane.