Bagi ya rimoti ya 1/8 kwenye mchanga wa Mtwara: kilicholipa na kilichokula hela bure

Bagi ya mashindano ya skeli ya 1/8 (gari la rimoti lenye ukubwa wa moja ya nane ya gari halisi) ikitoka kwenye boksi imesetiwa kwa njia iliyoshindiliwa na kumwagiwa maji. Mtwara njia hiyo hatuna. Tuna mchanga laini wa chini ya mikorosho, ukipanda Newala na Tandahimba kuna udongo mwekundu ambao kiangazi unakuwa vumbi kama unga, na huku pwani kuna chumvi. Kwa hiyo hela ya kwanza isiende kwenye alumini ya kung'aa. Iende kwenye matairi, oili ya difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) na kuzuia mchanga usiingie.

Ninayoizungumzia ni ya umeme, inavuta magurudumu yote manne, ina difu tatu, shokapu za milimita 16, betri ya lipo ya seli 4 na mota isiyo na brashi ya kV 2000, yaani mizunguko 2000 kwa kila volti. Chapa siitaji, gari za daraja hili zinafanana mno, na haya yanazihusu karibu zote.

Matairi ya kwenye boksi yalikuwa na vinundu vidogo vilivyosongamana, vya udongo mgumu. Kwenye mchanga ni sawa na kuvaa ndala kwenye tope: yanazunguka tu, gari haliendi. Nimehamia vinundu virefu vilivyoachana, mpira wa ulaini wa kati. Mpira laini kabisa unashika vizuri lakini ukigusa changarawe unaisha kama kifutio. Rimu nyingi zina tundu za kupumulia, na huku tundu hizo zinavuta mchanga ndani. Sponji inajaa, tairi moja linakuwa zito kuliko mwenzake, gari linaanza kutetemeka kwenye mwendo na wewe unahangaika na alaimenti bure. Ziba tundu za rimu, kisha toboa tairi lenyewe tundu mbili za milimita 2 zinazotazamana. Kabla ya supagluu, futa ukingo wa tairi kwa spiriti, kwa sababu tairi jipya lina utelezi wa kiwandani na gundi haishiki. Gandisha robo kwa robo, usizungushe mduara mzima kwa mkupuo mmoja.

Sasa difu, ambazo wengi wanaziogopa na ndiyo sehemu yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Boksi ilikuja na oili ya 5000 mbele, 5000 katikati na 3000 nyuma; namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi. Kwenye mchanga, ukikanyaga mafuta magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi, difu ya katikati inapeleka nguvu huko huko kwenye wepesi, na gari linachimba badala ya kwenda. Nimeweka 7000 mbele, 10000 katikati, nyuma nikaacha 3000. Nyuma usiongeze kwa pupa: oili nzito pale inalazimisha magurudumu mawili yazunguke sawa kwenye kona, na mkia unakukimbia.

Kuijaza kuna ufundi wake. Fungua kifuniko, mwaga oili ya zamani, osha gia zote kwa spiriti na uzikaushe. Ukikuta oili imekuwa ya kijivu yenye vimeremeta, huo ni unga wa chuma. Angalia meno ya gia ndogo kabla ya kuendelea. Badilisha oringi na gasketi hata kama zinaonekana nzima. Jaza oili mpaka ifunike vipini vya msalaba, zungusha gia taratibu kwa kidole, halafu uiache dakika 20. Utaona mapovu yanapanda kama ya chapati inayoiva. Yakiisha, ongeza kidogo hadi kiwango kile kile, usijaze hadi mdomoni. Oili ikipata joto inatanuka, na ikikosa nafasi inatokea kwenye oringi. Difu nyingi ninazosikia kuwa "mbovu, zinavuja" zimejazwa kupita kiasi tu. Skrubu za kifuniko zikazwe kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo.

Ukirudisha difu kwenye nyumba yake, sikiliza. Pinioni, ile gia ndogo inayoizungusha difu, ikizungushwa kwa mkono iende laini, isikwaruze na isicheze. Ikicheza, ongeza washa nyembamba upande wa gia kubwa. Ukipuuza hapo, tegemea meno kunyolewa siku ya kuruka tuta la kwanza.

Shokapu ni habari fupi. Kwa joto letu la mchana oili ya silikoni inapungua uzito, hivyo nimetoka 450 mbele na 400 nyuma kwenda 550 na 500. Nunua kwa namba za sentistoki, kipimo cha uzito wa oili. Chupa zilizoandikwa wt hazilingani kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine. Baada ya kujaza, sukuma pistoni juu na chini polepole mara kumi, acha mapovu yatoke, ndipo ufunge. Kisha chukua shokapu mbili za jozi moja, zigusanishe ncha kwa ncha na uzibane kwa pamoja. Zikiingia sawa, ziko sawa. Moja ikiingia haraka, ina hewa. Weka pia vifuniko vya mpira kwenye shafti: punje moja ya mchanga inachora mstari kwenye shafti, na mstari huo unakula oringi hadi mwisho. Kimo cha chesisi nimekiweka milimita 29 mbele na 30 nyuma, betri ikiwa ndani. Lidondoshe gari mezani kutoka sentimita 15, liache litulie lenyewe, ndipo upime.

Kwenye mota, hesabu ni rahisi. kV 2000 kwa volti 14.8 ni kama mizunguko 29,600 kwa dakika bila mzigo, na mchanga ni mzigo mzito. Pinioni ya mota ya meno 15 iliyokuja nayo inafaa uwanja mgumu. Huku nenda 14, na kama eneo lako ni mchanga mtupu, 13. Kasi ya mwisho inapungua kidogo, ila mota inapumua. Pima joto kila baada ya dakika tano kwa kipimajoto cha bastola cha mafundi. Vile vya kupimia homa milangoni enzi za Korona havisomi joto la juu kiasi hicho. Mimi nikiona nyuzi 75 nasimama. Kupanga nafasi ya pinioni, pitisha kipande cha karatasi ya daftari kati ya gia mbili, bana mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Itoke imekunjika bila kuchanika. Na uivishe mota soksi nyembamba ya kike, inazuia mchanga na hewa inapita. Inachekesha kuitazama, lakini inafanya kazi.

Alumini: nimebadilisha mkono wa servo (kimota kinachokatisha kona) tu, na hapo inalipa kwa sababu ule wa plastiki unapoteza meno. Mikono ya shokapu ya alumini nimeiondoa. Plastiki ikigonga kisiki cha mkorosho inapinda na kurudi. Alumini inapinda ikabaki hivyo, au inapeleka pigo kwenye chesisi, ambayo ndiyo ghali.

Chumvi inaua beringi kuliko mchanga. Ukiendesha karibu na maji, Shangani au Msimbati, usisubiri kesho. Puliza vumbi kwa kompresa ya fundi pancha, lakini usielekeze upepo kwenye beringi, utasukuma mchanga ndani. Toa kifuniko cha mpira cha beringi kwa sindano, suuza kwa spiriti, tone moja la mafuta ya cherehani, rudisha. Skrubu nyeusi za chuma zifutwe kwa kitambaa chenye oili. Zile za chuma cha pua hazishiki kutu kirahisi ila ni laini, tundu la ufunguo linaharibika upesi. Za chuma kwa chuma zipakwe gundi ya skrubu ya bluu, za plastiki usipake kabisa.

Beringi za magurudumu ya mbele ndizo zinazotangulia kufa. Spea hazipatikani huku, mzigo unasubiri basi la kutoka Dar, hivyo ukiagiza chochote ongezea hapo hapo beringi nne za mbele, gasketi za difu tatu, pakiti ya oringi na gia kubwa moja ya katikati.