Dakika Kumi za Kulala Chali: Uzoefu Wangu wa Mapumziko ya Mwisho wa Yoga

Nimehudhuria darasa la yoga kwa muda wa miezi saba sasa, jioni mbili kila wiki, katika ukumbi mdogo ulioko ghorofa ya tatu ya jengo moja la Upanga, Dar es Salaam. Mimi ni mhasibu, na kilichonipeleka huko ni mabega yaliyokuwa yakikakamaa kila ifikapo mwisho wa mwezi, tunapofunga hesabu. Kipindi kimoja cha saa moja na robo ni shilingi 20,000. Nikiulizwa leo fedha hizo zinanipatia nini, nitajibu bila kusita kwamba zinanipatia dakika kumi za mwisho, zile ambazo mpita njia akichungulia atatuona tumelala chali tu juu ya mikeka yetu.

Siku ya kwanza niliziona dakika hizo kuwa ni kupotezeana wakati. Watu wawili walikuwa wamekwisha kukunja mikeka yao ili kuwahi foleni ya magari, nami ningewafuata kama nisingeona haya kumruka jirani yangu. Mwalimu alikuwa akipita kati yetu akikagua mikono. Alinishika kifundo, akauinua mkono wangu kidogo, kisha akauachia, mkono haukuanguka. Ulibaki hewani, vidole vimekunjika kama vilivyoshika kalamu, ilhali mimi mwenyewe niliamini kabisa kwamba nilikuwa nimeulegeza. Hakusema neno, aliushusha taratibu hadi ukagusa mkeka. Hapo nilielewa kwa nini kukandwa na dawa za kuchua zilikuwa zikinisaidia siku moja tu: misuli ya mabega nilikuwa naikaza mwenyewe, mchana kutwa, bila habari.

Kulala huko kuna utaratibu wake. Miguu huachanishwa na nyayo zikaachwa ziangukie nje, mikono hukaa mbali kidogo na mbavu, viganja vikitazama juu, na kidevu hushushwa kidogo ili shingo isipinde. Kiuno changu kilikuwa kikiniuma katika hali hiyo mpaka nilipowekewa shuka lililoviringishwa chini ya magoti. Dada mmoja mjamzito darasani kwetu hulala ubavu wa kushoto, mto ukiwa katikati ya magoti yake, kwa sababu mimba ikishakuwa kubwa, kulala chali hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Aidha, mwili uliotoka jasho hupoa upesi ukitulia, kwa hiyo siku hizi siendi bila kanga ya kujifunika.

Jina la mkao huu lilinitia matatani nyumbani. Kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya India, huitwa shavasana. Shava ni maiti, na asana ni mkao. Nilipomweleza mama yangu, aliweka chini ungo wa mchele akaniambia, "Mwanangu, maiti haiigizwi. Unatoa pesa zako ukafundishwe kufa?" Nilimjibu kwamba ni kupumzika tu, naye akasema, "Basi na waseme kupumzika." Nadhani alikuwa na hoja. Nilimfikishia mwalimu maneno hayo, akacheka, na tangu siku hiyo darasani hutamka "mapumziko" tu. Kwa wenye wasiwasi wa kiimani, darasani kwetu hakuna dua wala wimbo unaosomwa wakati huo. Tunaambiwa tufuatilie pumzi, na tulegeze taya, ulimi na kope.

Faida niliyoiona mapema zaidi ni usingizi. Zamani nilikuwa nikizinduka saa nane za usiku nikiwa na tarakimu kichwani. Siku za darasa sizinduki hivyo tena. Mwalimu hueleza kwamba pumzi ya kutoa ikirefuka, mapigo ya moyo hupungua kasi, kwa kuwa sehemu ya neva inayotuliza mwili huchukua nafasi ya ile inayouweka tayari kwa purukushani. Jambo lenyewe si geni. Hatha Yoga Pradipika, maandishi ya karne ya 15, yanasema kwa ufupi kwamba kulala hivi huondoa uchovu na kuituliza akili. Mwaka 1969, madaktari wa Bombay wakiongozwa na K. K. Datey walichapisha matokeo ya kuwafundisha mkao huu wagonjwa wa shinikizo la damu, na baadhi yao waliweza kupunguziwa dawa. Walikuwa chini ya uangalizi wa hospitali, kwa hiyo asitokee mtu akatupa vidonge vyake kwa kunisoma mimi.

Kasoro ninayoilalamikia ni moja, nayo inaniudhi. Kipindi kikichelewa kuanza, kinachokatwa daima ni mapumziko. Jioni moja tulipewa dakika tatu, huku kundi linalofuata likivua viatu mlangoni na kuzungumza kwa sauti, kisha tukaamshwa ghafla kwa kuwashiwa taa. Niliinuka na kizunguzungu, badala ya kugeukia kwanza ubavu wa kulia na kukaa taratibu kama tulivyofundishwa. Ada haikupunguzwa hata senti. Kukoroma kwa jirani nakusamehe, maana huenda na mimi nakoroma.

Naupa ukumbi huu nyota nne kati ya tano. Nimekwisha kulipia miezi mitatu mingine, ila nimehamia kipindi cha mwisho cha siku, ambacho hakina kundi linalosubiri mlangoni.