Mitungi ya Wamoche: ya sura au ya michoro?

Wafinyanzi wa Moche, pwani ya kaskazini mwa Peru, walistawi takriban kati ya mwaka 100 na 800. Kwenye mtungi wa sura, udongo ulikandamizwa ndani ya kalibu ukatoka uso wa mtu: makunyanzi, kovu, kilemba. Unahisi anakutazama, ila kisa chake hakisimulii.

Mtungi wa michoro ndio unaonishika zaidi. Mistari myembamba ya rangi nyekundu juu ya rangi ya maziwa inasimulia: mateka wanachinjwa, damu inakingwa, mkuu anapokea kikombe. Wengi walidhani ni hekaya tu. Mwaka 1987 likafukuliwa kaburi la mtawala wa Wamoche huko Sipán, kaskazini mwa Peru, na mapambo ya marehemu yakafanana na ya mkuu yule aliyechorwa.