Faiba ya nyumbani Mbeya: spidi ipo, ila seva ya gemu sahau

Nianze na haki ya kampuni iliyonifungia intaneti ya faiba nyumbani. Spidi ipo. Hapa Soweto faiba yao haikatiki ovyo hata mvua za Mbeya zikichachamaa, na mafundi walikuja kufunga siku ileile waliyoahidi. Kwa hayo sina neno.

Ugomvi wangu ni seva. Kompyuta yangu ya mezani nimeifanya seva ya gemu la Minecraft, toleo la Java, yaani ndiyo inayoendesha gemu na wengine wanaingia humo, ili wikiendi nicheze na wadogo zangu walioko Iringa na Njombe. Mimi humu ndani naingia vizuri tu. Wao wakijaribu, inazunguka weee, mwisho inagoma. Nikaingia kwenye ruta, nikafungua poti 25565 (mlango ambao gemu hupitia) kuelekea kompyuta, nikaipa kompyuta anwani isiyobadilika, nikaliruhusu gemu kwenye faiwoli ya Windows, ile kinga inayozuia wageni wa mtandaoni. Holaa. Nikazima faiwoli yote kwa muda ili kupima tu. Holaa vilevile.

Kupiga huduma kwa wateja: "Zima ruta, subiri kidogo, washa." Nikazima, nikawasha. Nikapiga tena siku nyingine, wimbo uleule. Nikaona isiwe tabu, nikaenda ofisini kwao. Kaka wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu yake. Nikamweleza hatua kwa hatua. Akaniuliza, "Kwa hiyo bro, shida yako ni gemu?" Akamgeukia mwenzake, wakacheka. "Wenzako wanaangalia mpira na hawatusumbui." Nyuma yangu kuna mama mtu mzima anasubiri zamu yake, anasikia yote. Mteja anayelipa kila mwezi bila kukumbushwa, nafanywa mtoto mbele za watu!

Jibu nikalitafuta mwenyewe. Fungua ukurasa wa hali ya ruta, tazama anwani ya upande wa nje. Yangu inaanza na 100, kisha sabini na kitu. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, yaani anwani unayoonekana nayo kwenye intaneti: namba nyingine kabisa. Hapo kesi imeisha. Anwani za kuanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti, ili wateja wengi wachangie anwani moja ya umma, ile inayofikika kutoka popote kwenye intaneti. Wenyewe wanaita CGNAT. Sababu inaeleweka: anwani za IPv4 (mfumo wa zamani wa anwani za intaneti) zote duniani ni kama bilioni 4.3 tu, hazitoshi. Ukianza wewe kutoka, mtambo wao unakumbuka nani katoka na jibu linakurudia, ndiyo maana filamu na mpira vinakwenda. Anayepiga hodi kutoka nje, mtambo haujui umpeleke nyumba ipi, unamwacha hapohapo. Hizo poti nilizokuwa nafungua kwenye ruta zisingesaidia hata ningefungua zote, maana kizuizi kiko kwao, sio kwangu.

Kuchangia anwani sio kosa. Kinachoniuma ni kwamba sentensi moja tu ilitosha: "Kaka, laini yako haina anwani ya umma." Hawakuisema kwenye simu, hawakuisema kaunta, na siku ya kuniuzia ndiyo kabisa.

Sasa hivi tunatumia ZeroTier, programu inayounganisha kompyuta zilizo mbalimbali ziwe kama mtandao mmoja. Kila mmoja ameiweka kwenye kompyuta yake, tunaonana kama tuko chumba kimoja, na pingi (muda wa data kwenda na kurudi) na Iringa inaridhisha. Kwa hiyo nilikuwa nimeshakata shauri niwape nyota tatu: kama wewe ni mtu wa filamu na mpira, chukua, hutajuta.

Halafu juzi rafiki wa mdogo wangu akataka kuingia. Badala ya kumpa anwani tu, jioni nzima imeishia kumwelekeza kwenye simu jinsi ya kuweka programu. Nikawapigia kuuliza bei ya anwani ya umma. Hiyo ni ya makampuni, wakasema, acha namba tutakupigia. Hawajapiga mpaka leo. Basi hapana. Nyota moja, na hata wewe wa filamu usichukue, kwa sababu siku utakapofunga kamera za kutazama nyumba yako ukiwa safarini na zikagoma, utakutana na kaunta ileile.

Kama kuna mtu Mbeya amepata anwani yake mwenyewe ya umma kwa bei ya nyumbani, aniambie ni kampuni gani. Nahama mwezi huuhuu.